Tulipokwenda Bweni Kumtoa Shangazi Eda

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hapa Kuze, Mji wa Kale, ametoka eda juma hili, na mimi ndiye niliyeitwa nikashike chetezo. Nadhani umri wangu sasa ni ule wa kuitwa katika mambo ya namna hiyo. Wasichana hawaitwi, na wazee wetu magoti yao hayapandi tena ngazi zile. Nikasimama katika chumba kilichokuwa kimefungwa madirisha kwa miezi, nikatia kipande cha udi juu ya kaa la moto, na moshi ulipopanda tu ukanichukua. Ukanivusha feri ya Likoni, ukanivusha mpaka, ukanishusha Bweni ng'ambo ya mto Pangani, mtoto mwenye meno ya mbele mapya yasiyomtosha mdomoni. Mjane akaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia ni moshi.

Rika langu watanielewa. Sisi ni wale tuliolelewa na watu wazima ambao hawakumweleza mtoto kitu. Ukisikia, umesikia, usiposikia, shauri yako. Ulikaa nyuma ya mlango ukaokota maneno kama kuku aokotavyo mchele, halafu ukajipikia wali wako mwenyewe. Mimi nilikuwa hodari wa kuupika wali huo, na sikuwahi kuuunguza hadi safari ile.

Shangazi yangu Mwanaisha alikuwa dada pekee wa Baba, na kabla hajaolewa alikuwa wangu. Yeye ndiye aliyenisuka nywele, yeye ndiye aliyenipeleka madrasa nikiwa nalia, na yeye ndiye aliyenifundisha kupiga kigelegele, huku juu sakafuni, kwenye paa bapa la nyumba yetu, baina ya kamba za nguo, akinionyesha ulimi uende wapi na pumzi itoke wapi. Kufikia umri wa kuanza shule nilikuwa naitwa kwenye harusi za mtaa mzima nisimame mlangoni pa bibi harusi. Kisha akaja mtu mpole mwenye mashamba ya minazi huko Tanzania, akaposa, akamchukua. Nililia siku tatu, na Bibi, mama yake Baba, alilia zaidi yangu ila yeye alifunga mlango.

Yule mtu mpole akafa. Bibi na Baba walikwenda kuzika, mimi nikabaki na Mama. Waliporudi, Bibi hakusema mengi, lakini baada ya muda akaja fundi wa rangi, akapaka chumba cha juu samawati, na kitanda kipya kikapandishwa kwa kamba kupitia dirishani kwa sababu ngazi zetu zilikikataa. Nikauliza ni cha nani. Bibi akanijibu, "Shangaziyo yuaja kukaa." Basi. Nilicheza ngoma peke yangu kwenye chumba kile mpaka nikaambiwa niteremke.

Kila nilipouliza mbona haji, niliambiwa "yuko eda," kwa ile sauti ya chini ambayo watu huitumia kwa aliyelazwa hospitali. Nikajua mwenyewe kwamba eda ni maradhi ya kukaa ndani, kama tetekuwanga, na kwamba Shangazi angepona kwa siku zake.

Siku ya kuondoka ilipokaribia nikamwona Bibi anapanga kikapu, na hapo ndipo akili yangu ilipokwenda mbio. Ndani ya kikapu mlitiwa udi wa kupikwa, chupa ya marashi, hina, wanja, doti ya leso mpya bado zina ukakamavu wa dukani, kanzu ya hariri, na asumini zilizotungwa vikuba na kufungwa kwa kitambaa kibichi ndani ya jani la mgomba. Mtoto yeyote wa Mji wa Kale anajua vitu hivyo ni vya nani. Ni vya bibi harusi! Shangazi kapona, Shangazi yuaolewa, chumba cha samawati ndicho cha harusi, na hawa watu wazima wananificha kama kawaida yao. Sikumwambia mtu. Nilijifunga kibwebwe moyoni na kuanza kufanya mazoezi ya kigelegele chooni, maji yakiwa yamefunguliwa.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, Baba kwenye usukani wa Pijo yetu ndefu, Bibi mbele na kikapu magotini, mimi nyuma na katlesi, mkate wa mayai na thamosi ya chai. Baba aliponyoosha mkono kuweka kaseti ya taarabu, Bibi aliupiga ule mkono. Harusi gani hii isiyo na taarabu? Nikajieleza kwamba huenda bwana harusi ni mtu wa dini sana. Ukisha kuamini jambo, kila kinacholipinga hukipatia kiti kikae.

Njia panda ya Kwale ilipita, Msambweni ikapita, tukafika Lunga Lunga. Afisa wa mpakani akamwuliza Bibi anakwenda kufanya nini Tanzania. "Namfuata mwanangu," Bibi akamjibu, kwa namna ambayo yule afisa aligonga muhuri bila swali la pili. Nami nilikuwa nimekaza macho dirishani nione nchi ya kigeni inavyoanza. Haikuanza. Minazi ilikuwa ile ile, mbuzi walikuwa wale wale, na yule aliyetuuzia machungwa aliongea Kiswahili, ingawa kilikuwa laini kama kimepigwa pasi. Nilihisi nimedanganywa kidogo.

Lakini barabara ilikuwa ngeni kweli. Lami ilikwisha, na vumbi jekundu likaingia kwenye nyusi zetu, kwenye chai, mpaka ndani ya katlesi. Tulipita Tanga, ambako wanawake walikuwa wakiendesha baiskeli na mabuibui yao wameyakunja vizuri, jambo lililoniacha mdomo wazi. Baada ya hapo mkonge, mistari na mistari ya mkonge, na kila penye mwanya bahari ikichungulia upande wa kushoto, kijani halafu buluu halafu nyeupe pale inapovunjika kwenye mwamba. Kigombe tulipita karibu na maji kiasi cha kunusa samaki waliokuwa wakikauka. Baba alitaka kusimama tunyooshe miguu.

"Bahari tumeiacha kwetu," Bibi akasema. "Twende."

"Mama, hebu mwulize kwanza," Baba akasema, na nikajua hazungumzii bahari.

"Nimwulize n'ni?"

"Kama yuataka."

"Ana nani kule? Aliyemfuata keshakwenda. Wataka nimwache na nani?"

Nikatafuna mkate wangu. Kumbe Shangazi mwenyewe hajaulizwa! Nilimhurumia, lakini nilijua mabibi harusi wengi huulizwa mwisho.

Pantoni ya Pangani ilituvusha jioni, sisi na mbuzi wawili na mtu mwenye godoro kichwani. Bweni ni upande wa pili, nyumba zimejipanga chini ya minazi kama zimekuja kutazama mto. Mlangoni alitupokea Bi Tatu, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye mguu unaomsumbua. Yeye ndiye aliyekaa na Shangazi miezi yote hiyo, akimpikia, akimchotea maji, akijibu hodi. "Karibuni, poleni na safari," akasema, na Bibi akamjibu salamu zote kwa ukamilifu wake, moja baada ya moja, kama mtu anayehesabu vikombe vya kuazima.

Nilipoingizwa kwa Shangazi nilirukia shingoni mwake. Alikuwa amekonda, kavaa leso zilizofifia, lakini si hilo lililonitisha. Hakuwa na harufu. Shangazi yangu wa asumini na mafuta ya nazi alikuwa ananuka kama mtu yeyote, kama ukuta. "Umekonda," Bibi akamwambia. "Nilikuwa nimekaa, Mama. Sikuwa nikifa." Nikalala na safari yangu mwilini kabla sijasikia mengine.

Asubuhi nyumba ilijaa wanawake. Mikeka ilitandikwa, dua ikasomwa, na Shangazi alikuwa amekwisha kuogeshwa uani. Zile leso zilizofifia zilikunjwa akapewa Bi Tatu, kwa sababu nguo za eda ni haki ya aliyekaa na mjane. Halafu mlango wa chumba ukafunguliwa. Akatoka katika kanzu ya hariri, macho yana wanja, moshi wa udi ukimfuata, na Bibi akasogea kumchomeka kikuba cha asumini kifuani. Wanawake walikuwa kimya. Mimi nikaona aibu kwa niaba yao. Bibi harusi katoka, na hakuna hata mmoja anayejua kazi yake?

Nikapiga kigelegele. Sikupiga cha kitoto. Nilipiga kile cha sakafuni, pumzi kutoka tumboni, kirefu, chenye mkato mwishoni. Kilipita juu ya paa la makuti na nadhani kilivuka mto.

Hakuna aliyekiitikia. Kuna mwanamke aliyejiziba mdomo kwa leso. Mwingine akasema, "Yarabi, mtoto huyu kaja kumshangilia maiti?" Bibi akanifinya paja pale pale finyo linapouma. "Huna haya weye!" Bi Tatu alikuwa amezishika zile nguo za eda kifuani, uso ameukunja. Hata hivyo ndiye aliyeinua mkono.

"Mwacheni. Mwanangu, umefurahia nini?"

"Harusi ya Shangazi," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyetumwa salamu na anajua kuzifikisha. "Chumba chake kishapakwa rangi, na kitanda kipya kishaletwa. Twaja kumtukua."

Nyumba nzima ikamgeukia Bibi. Sijapata kumwona Bibi yangu akitafuta pa kuweka macho, isipokuwa siku hiyo.

"Kumchukua?" Bi Tatu akauliza. "Leo?"

"Chumba gani, Mama?" Shangazi akauliza naye.

"Chumba chako. Kwenu."

"Hukunambia."

"Mtu huambiwa arudi kwao? Kwani kaisahau ndia?"

Shangazi aliutazama ule mlango aliotokea, kisha mlango wa nje ambao jua lilikuwa limefika kizingitini. "Mama," akasema polepole, "leo ndiyo kwanza natoka mlango huu. Usinishike mkono ukanitia mlango mwengine hata jua sijaliona." Halafu akanigeukia, na pembe za mdomo zikamcheza. "Lakini kigelegele chako kimekua." Na akacheka. Alicheka hadi wanja ukamtiririka, na wanawake wawili watatu wakaanza kucheka naye, kwa hofu kwanza, kisha kweli. Bibi na Bi Tatu tu ndio hawakucheka.

Baada ya chakula Shangazi akamwambia Baba, "Kaka, nitembeze na gari. Nataka upepo." Akakaa mbele. Nyuma nilikaa mimi katikati, kulia kwangu Bibi, kushoto Bi Tatu, na hakuna aliyezungumza na mwenzake. Kila gari liliporuka shimo niligandamizwa na huzuni ya upande mmoja au hasira ya upande wa pili. Nilikuwa nimeshaelewa kwamba hakuna bwana harusi. Nilichokuwa sijaelewa bado ni iwapo Shangazi anakuja nyumbani, na hilo ndilo nililolitaka kuliko kitu chochote duniani, hata kuliko harusi.

Njia ile ya kusini ya Bweni sijaona nyingine mfano wake. Ni mchanga mwekundu baina ya minazi, inapanda kidogo, inashuka, na kila inaposhuka bahari inafunguka mbele yako yote kwa pamoja. Shangazi alishusha kioo akatoa mkono nje, vidole vimetawanyika. Lakini hatukwenda mbali bila kusimamishwa. Mzee aliyekuwa akifua nazi aliacha kazi yake: "Umetoka, Mwanaisha! Alhamdulillahi!" Mama mwenye duka dogo alikimbia na leso mkononi. Watoto walikuja na madafu. Mwanamke mmoja alimpa Shangazi mihogo kupitia dirishani, akamshika shavu, akaondoka. Bibi alikuwa akitazama yote hayo kwa jicho la pembeni, na kila tuliposimama alishusha pumzi kwa sauti.

Tulifika mahali maji yalikuwa yametoka mbali kabisa, ufuo umebaki mpana na wenye kung'aa. Wanawake walikuwa wameinama ndani ya maji ya magotini, kwenye mashamba ya mwani: vijiti vimesimikwa mchangani, na baina ya vijiti kamba, na kwenye kamba mwani umefungwa kichane kwa kichane. Kila mwanamke ana kamba zake. Mwani hauwezi kusubiri mtu; usipouvuna ukapanda mwingine, mawimbi hukuchukulia kila kitu. Shangazi alishuka garini akavua viatu. Wale wanawake walimwona, wakainuka wote.

"Njoo uone!" wakampigia kelele. "Kamba zako zipo!"

Zilikuwepo. Zilikuwa zimejaa, nzito, mwani mnene wa rangi ya chai ya maziwa. Bibi, ambaye sijawahi kumwona hata akilowesha ukingo wa buibui lake, alilikusanya mkononi akaingia baharini akimfuata mwanawe. Nami nikamfuata. Maji yalikuwa ya vuguvugu na mchanga ulinitekenya. Bibi akainama, akainua kamba moja kwa vidole viwili.

"Hizi ni zako?"

"Zangu, Mama."

"Nawe ulikuwa ndani. Nani alozifunga?"

Shangazi alimtazama Bi Tatu, ambaye alikuwa amebaki ufukweni akiuegemeza mguu wake mbovu kwenye jiwe.

"Tulipokezana," mmoja wa wanawake akasema. "Lakini siku nyingi ni yeye."

"Na huo mguu?" Bibi akauliza.

"Bahari hainipendi," Bi Tatu akajibu kwa mbali, kwa sauti kavu. "Nilimwambia nami siipendi. Tukafanya kazi hivyo hivyo."

Bibi akaishusha ile kamba taratibu, kana kwamba ina mtoto ndani. "Basi hili ndilo linalokuzuia, Mwanaisha? Majani?"

"Si majani, Mama. Nikija Kuze nitakuwa mjane wa ghorofani. Nikipita, watu watashusha sauti. Wewe utanipikia, Kaka atanilipia kila kitu, na kila mtu atanihurumia mpaka nife. Hapa nimetoka leo tu, na kitu cha kwanza nilichoambiwa ni kwamba kamba zangu zipo."

"Na mimi je?" Bibi akasema. Sauti yake ilivunjika, na hakujaribu kuificha. "Mimi sina haki kwako?"

"Una haki yote. Ukinambia nipande gari, napanda."

Nilitaka Bibi aseme. Nilimshika buibui nikalivuta. Mwambie apande! Neno moja tu! Bibi alikuwa mwanamke ambaye mtaa mzima ulipanga mambo yake kwa kumtazama uso, na wala hakuwa na kawaida ya kuacha neno la namna hiyo lipite. Alikung'uta maji ya vidoleni. Kisha akapaza sauti kumwuliza yule wa ufukweni.

"Bi Tatu! Wewe wamtakia nini mke wa nduguyo?"

"Asiondoke," Bi Tatu akasema. "Nimeshazika mmoja."

Bibi akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Akatoka majini na buibui lake limelowa mpaka magotini, mchanga umemganda, akaenda moja kwa moja mpaka alipo Bi Tatu, akamshika mkono. "Siku ile nilimpa nduguyo mwanangu mbele ya watu," akasema. "Leo nakupa wewe. Na wewe siku ukichoka naye, usimwambie yeye. Nambie mimi."

"Sitachoka," Bi Tatu akasema. Hapo tena ndipo walipolia, wote wawili, bila kukumbatiana, wameshikana mikono tu kama watu wanaovushana barabara.

Mimi nililia pia, ila changu kilikuwa kilio cha hasira. Nilimwambia Shangazi simpendi tena, na chumba chake nitakichukua mimi. Alipiga magoti majini na kanzu yake ya hariri, akanikumbatia, na shingoni mwake mlikuwa na asumini na udi na chumvi, na nikajua nimempata na nimemkosa kwa wakati mmoja. "Kichukue," akaniambia. "Nikija Idi nitalala kwako, wewe ndiye utakayenikaribisha." Nilikataa kumjibu. Nilikuwa na msimamo wangu.

Tuliondoka siku ya pili baada ya chai. Kwenye pantoni Bibi alisimama akiutazama ukingo wa Bweni mpaka watu wakawa wadogo, kisha akakaa mbele ya gari, akashusha kioo, vumbi liingie lisiingie. Tulipoanza kuiacha Pangani akauliza kijiji kile kinaitwaje. Baba akamwambia. Akauliza kinachofuata. Akauliza pale penye njia panda huendwa wapi, na duka lile la kona huuza nini, na kama mvua ikinyesha daraja lile hupitika. Kila jina alilirudia kwa midomo. Tulipofika Kigombe alimwamrisha Baba asimame, akashuka, akanunua samaki, akamwuliza muuzaji jina lake na jina la mama yake.

"Mama," Baba akasema akicheka, "kwa mwendo huu tutalala mpakani. Juzi bahari ulikuwa umeiacha kwetu."

"Endesha polepole," Bibi akamwambia. "Nataka kuishika hii ndia. Mwanangu yuko mwisho wake."